Wa Kwanza Katika Walioanguka

Mwalimu Kioko tulimzika Gede, Jumamosi, kwenye shamba lake la mikorosho, na kabla udongo haujakauka wanafunzi wake wa zamani walikuwa wamekwisha kuanza kutajiana alama. Waliosoma miaka ya themanini wana ugonjwa huo. Ni watu wazima, wengine wana wajukuu, wengine wana sukari na presha, lakini wakikutana chini ya turubai na sahani ya wali mkononi hawaulizani habari za magoti. Huulizana moku ulipata ngapi na mtihani wenyewe ukapata nini. Moku, kwa wale ambao hawakuwapo, ni mtihani wa majaribio tuliokuwa tukifanya mwezi wa saba tukiwa kidato cha sita, tupimwe nguvu kabla ya ule wa serikali wa Novemba, ambao ndio uliokuwa ukifungua mlango wa chuo kikuu au kuufunga. Wanjala, ambaye baba yake alikuwa mpishi wa hoteli Watamu na ambaye mwenyewe ni mpimaji ardhi aliyestaafu, alishika kipaza sauti akasema kwamba marehemu alimpa thelathini na moja ya jiografia katika moku, akalia siku mbili, na Novemba akapata C safi. Watu wakacheka, wakapiga makofi. Mwingine akasema yeye alipewa ishirini na tisa. "Panga la Kioko," wakasema, "likikata, unaamka." Kadzo, rafiki yangu wa tangu wakati ule, alikuwa ameketi ubavuni mwangu, mkono wake juu ya goti langu. Zamu ya kutaja ilizunguka meza, ikafika kwake, akataja zake kwa sauti ndogo, kisha ikaniruka mimi ikamwangukia mtu wa pili. Waliniruka kwa adabu, kama anavyorukwa mtu aliyefunga wakati chai inapitishwa.

Mimi nina hasira, na nasema mapema ili msomaji asinitafutie wema usiokuwapo. Nilikwenda Gede na hasira zangu, nikampa mkono mjane wake, nikala wali wake, na nikarudi Malindi na hasira zile zile. Nimesikia mengi juu ya marehemu siku ile, kwamba aliwaamsha watu, kwamba aliwafungua macho, na sina sababu ya kuyakanusha, kwa sababu wenye kusema wako hai na wana nyumba zao na pensheni zao. Lakini katika darasa lile kulikuwa na mtu mmoja ambaye aliongoza moku na hakufanya mtihani, na mtu huyo ni mimi. Habari za ukoo wangu nitaziacha. Mwenye kutaka kujua mimi ni mtoto wa nani akaulize Mambrui, wataanza kumhesabia mpaka achoke. Nitasema habari za mwaka mmoja tu.

Mwaka ule nilikuwa Malindi, mtaa wa Shela, kwa shangazi yangu Bi Mwanakombo, kwa kuwa kwetu Mambrui hakukuwa na kidato cha sita na baba hakutaka nilale bweni. Kadzo naye kwao ni upande wa Sabaki, karibu na mdomo wa mto, na shangazi alipomwona mara ya kwanza amekuja kuazima kitabu, viatu vimejaa vumbi, akasema, "Huyu atakuwa akenda na kurudi hivi kila siku? Mleteni godoro." Akakaa nasi mpaka mwisho. Chumba chetu kilikuwa cha ndani kabisa, dirisha moja la vyuma linalotazama uchochoro, kitanda cha kamba ambacho tulilala kichwa huku na miguu huko, na magunia ya unga ya shangazi yamepangwa ukutani. Hayo magunia ndiyo yaliyokuwa viti vyetu vya kusomea. Shangazi alikuwa akipika mahamri ya kuuza, na mpaka leo nikisikia harufu ya iliki na mafuta ya moto, yale mambo ya vita vya Ulaya na mito ya Amerika yananijia kichwani bila kuyaita. Asubuhi tulikula mahamri yaliyokosa umbo, yale ambayo wateja hawayataki, kwa mbaazi za nazi. Mchana tulikaa na njaa. Jioni wali na mchuzi wa papa mkavu, na siku Kadzo aliporudi kutoka kwao, muhogo. Nilikuwa na furaha mwaka ule, mpaka Agosti. Naliandika hilo kwa sababu watu wakisikia hadithi yangu hudhani nilikuwa msichana wa kuonewa huruma tangu alfajiri. Nilikuwa na kiburi. Nilikuwa naongoza darasa lenye wavulana wa bara ambao baba zao waliwaleta pwani na vitabu vyao, na nilipenda kuwaona wakinitazama.

Posa ilikuwa imekwisha kuletwa. Bwana Athmani, mwenye duka la vitambaa Malindi, alikuwa amemtuma mshenga kwa baba tangu nilipokuwa kidato cha tano. Baba alikuwa fundi wa kanzu, akinunua vitambaa kwake, wakijuana na kuheshimiana. Hakukataa wala hakukubali. Mbele ya watu, barazani kwake Mambrui, alisema, "Ngojeeni mtihani. Akipita ataendelea na masomo yake, nanyi mtatafuta kwengine kwa radhi. Asipopita, ni wenu." Aliniita akanieleza vivyo hivyo, neno kwa neno, nami nikambusu mkono nikashukuru. Nani angekataa? Katika marafiki zangu wa Mambrui, hakuna aliyepata baba wa kumwambia watu wangoje. Na mimi mtihani siuogopi, nikaona nimeachiwa huru na imebaki tarehe tu. Mshenga, Mzee Bakari, alikuwa mtu mcheshi, mwenye kisibau na tumbo, na kila akipita Shela alikuwa akigonga mlango wa shangazi akiuliza kwa mzaha, "Mtihani haujatoka bado?" Shangazi humjibu, "Haujatoka, lakini mahamri yametoka," akampa mawili, akenda zake.

Sasa hapa lazima nieleze desturi ya shule yetu, maana ndiyo iliyoniponza. Mwalimu Kioko alikuwa mwalimu wa jiografia na ndiye aliyesimamia mitihani. Walimu wote wakishasahihisha moku walimpelekea karatasi, naye kabla ya alama kubandikwa ukutani alizikata. Kila mtu, kila somo, alama ishirini. Alikuwa akiamini kwamba mwanafunzi akiona hamsini atalala, na akiona thelathini atasoma. Wavulana wa bara walijua, kwa sababu kaka zao walipitia pale, na Wanjala, huyu anayesema leo kwamba alilia siku mbili, alikuwa akizunguka akisema, "Moku haiui mtu, ngojeni Novemba." Sisi wa mjini tulisikia tukadhani ni maneno ya kujifariji. Na majumbani kwetu hakuna aliyesikia kabisa. Alama zilibandikwa siku ya kufunga shule, mwezi wa nane, na nilipofika ukutani niliona jina langu liko juu kabisa, na mbele yake historia arubaini na nane, Kiswahili arubaini na tisa, jiografia arubaini na mbili. Chini yangu Kadzo, arubaini na kitu, thelathini na kitu. Chini yake wengine wote, mpaka kwa Wanjala na thelathini na moja yake. Nilisimama pale mpaka Kadzo akanivuta mkono. Sikuwa nimepata kuona alama kama zile maishani mwangu. Nilijiambia, sawa, nimeongoza, na aliyeongoza hawezi kuwa ameanguka.

Lakini Mzee Bakari alikuwa na mtoto wa kiume kidato cha tano shuleni kwetu, na mtoto huyo alifika nyumbani kabla yangu. Jioni ile ile mjini ilikuwa imekwisha kuenea kwamba mtihani umetoka. Hawakusema moku, wala majaribio. Walisema mtihani umetoka, na siku ya pili baba akaja kutoka Mambrui na kofia yake mpya. Wanaume walikaa ukumbini, sisi wanawake nyuma ya pazia, shangazi ameshika sinia ya kahawa lakini haipeleki, anasikiliza. Nilimsikia Mzee Bakari akisema kwa sauti ya upole, "Tumeambiwa binti ameongoza." Baba akasema, "Alhamdulillahi." Mzee Bakari akauliza, "Ameongoza kwa ngapi?" Baba hakujua. Mzee Bakari akasema, "Arubaini na kitu." "Kati ya ngapi?" "Kati ya mia." Nikamsikia baba akiuliza, "Na hao wengine?" "Hao wengine wako chini yake." "Basi wote wameanguka." "Wote, yakhe," akasema Mzee Bakari. "Wako ni wa kwanza katika walioanguka." Wakacheka, na hata shangazi nilimwona mabega yakitikisika, maskini, cheko lilimtoka bila ya kupenda. Baba hakucheka. Alisema, "Nilisema mtihani, na mtihani umetoka. Neno nilishalitoa."

Nilimfuata Mambrui. Nilikaa naye chumbani alimokuwa na cherehani yake, vipande vya kitambaa cheupe vimetapakaa miguuni, nikamweleza. Nilimwambia, "Baba, ule si mtihani. Ule ni wa kujaribu. Mtihani wenyewe ni Novemba, unatoka Nairobi." Aliendelea kushona mpaka mwisho wa mshono, akakata uzi kwa meno. Akaniuliza, "Karatasi ilikuwa na maswali?" Nikasema ndiyo. "Ukayajibu?" Nikasema ndiyo. "Walimu wakasahihisha?" "Ndiyo, baba." "Basi mtihani ni kitu gani kingine, mwanangu?" Nikamwambia, wewe hujaribisha kanzu kwa mwenyewe kabla hujamaliza, na ikiwa haikukaa vizuri unaitengeneza. Alinitazama, na nadhani alipenda nilivyosema, kwa sababu alitabasamu. "Ikiwa pana, naipunguza," akasema. "Ikiwa nimeikata fupi, hata nifanye nini, ni fupi." Nikamwambia yale ya Wanjala, ambayo sasa niliyaamini, kwamba alama zilikatwa, kwamba mwalimu amekata ishirini kwa kila mtu. Hapo akaacha kutabasamu. "Sikiza, Rukia. Mtu mzima, mwalimu, achukue haki ya mtoto wa watu aifiche? Kwa nini afanye hivyo? Usimzulie mtu." Ndivyo alivyokuwa baba. Katika kazi yake, kitambaa cha mtu kikibaki hata upana wa kiganja, alikikunja akamrudishia mwenyewe. Hakuweza kuamini kwamba kuna kazi ambayo kupunja ndiyo desturi yake.

Nikarudi Malindi, nikamchukua Kadzo, tukaenda Gede nyumbani kwa Mwalimu Kioko. Ilikuwa likizo, tulimkuta amevaa kaptura, anapalilia. Mkewe alituketisha chini ya ukuta wa jikoni akatupa muthokoi, yale mahindi ya kwao yaliyokobolewa, na maharagwe, na kwa kuwa tulikuwa na njaa tulikula yote kabla sijasema lililonileta. Kisha nikasema, na nikalia. Sijui kulia vizuri. Nalia na kamasi. Mwalimu alisikiliza akiwa ameegemea jembe, na nilipofika pale pa kukatwa ishirini akacheka, cheko la mtu anayejisifu. "Nani alikuambia? Wanjala? Ni kweli nilikata. Wewe historia ulikuwa na sitini na nane. Hiyo ni B, na bado miezi tatu. Wewe utaenda chuo kikuu, mimi najua." Nakumbuka jinsi maneno yale yalivyoniingia mwilini, nikaona nimepona. Nikamwambia, "Basi njoo umwambie baba hivyo hivyo." Uso ukambadilika. Akasema hiyo maneno ya ndoa ya Waislamu yeye hawezi kuingia, yeye ni mgeni pwani. Akasema jambo hili likijulikana, Jumatatu ya kufungua shule darasa zima litakuwa limelala, na mwaka ujao pia, na dawa itakuwa imekwisha nguvu. Ni mkewe aliyesema kutoka jikoni, bila kutoa kichwa, "Nenda, baba Mutheu. Mtoto wa watu anapotea." Alisema mara mbili. Mara ya tatu Mwalimu akatupa jembe chini akasema ataenda Ijumaa.

Na akaja kweli. Hilo ndilo ambalo watu hawalijui, na ndilo linalonikosesha usingizi kuliko kama angekataa. Alivaa suti ya kahawia katika joto lile, akavuka daraja la Sabaki, akafika Mambrui baada ya swala. Baba alimpokea kwa heshima zote. Tangu asubuhi mimi na mke wa kaka yangu tulikuwa jikoni. Tulipika wali wa nazi na samaki wa kupaka, tukamkamulia maji ya ndimu, na kila nilichokishika kilinianguka mikononi kwa furaha. Walikula barazani, baba, Mwalimu, jirani mmoja, na Mzee Bakari, ambaye hakualikwa lakini ndiye mtu ambaye hakuna karamu Mambrui isiyomwona. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango wa ndani. Walipomaliza kunawa, baba akasema, "Mwalimu, tumefurahi. Binti yangu anasema una neno." Mwalimu Kioko akakohoa. Akamtazama Mzee Bakari, na nilijua anachokiona: anamwona baba wa mwanafunzi wake wa kidato cha tano, mtu mwenye mdomo usio na kufuli. Akasema, "Huyu msichana ni mwerevu. Akikaza kamba, huenda akafaulu." Baba akangoja. Kisha akauliza taratibu, kwa namna yake ya kupima kitu mara mbili, "Huenda?" Mwalimu akasema, "Mtihani hauna mwenyewe, Mzee. Akikaza." Baba akauliza, "Alama hizi tulizoziona, ni zake au si zake?" Na Mwalimu Kioko, ambaye alikuwa amekula samaki wangu, akasema, "Ni zake."

Sikujizuia. Nilisema kutoka nyuma ya mlango, kwa sauti ambayo sikuijua kuwa ni yangu, "Mwalimu, mwambie baba ulikata." Msichana hasemi mbele ya wageni, na hasa si kwa sauti ile. Nilisikia jirani akivuta pumzi. Mwalimu akacheka, cheko dogo la darasani, akasema, "Wanafunzi husema hivyo kila mwaka." Wakacheka wote isipokuwa baba, ambaye aliinuka akaingia ndani, akanikuta nimesimama na kanga yangu nimeiuma. Hakunipiga, wala hakunigombeza. Alisema tu, "Umeniaibisha mbele ya mwalimu wako," akarudi kwa wageni kuomba radhi. Mwalimu alipoondoka nilikimbia nyuma ya nyumba nimwone akipita, nikidhani atageuka aniashirie neno, hata kwa mkono. Alikuwa akijifuta jasho shingoni. Hakugeuka.

Miezi iliyofuata nimeisahau nusu. Nilikwenda shule Septemba kwa kuwa ada ilikuwa imelipwa, nikakaa kiti changu, nikasoma, kwa sababu sikujua kukaa bila kusoma. Nilikuwa nikiomba dua kila sala: Bwana Athmani abadilishe nia, aone mwengine, meli ya vitambaa izame, chochote. Niliwahi kumwomba Mungu aniletee homa ya matumbo, nilazwe hospitali mpaka Machi. Oktoba wakanitoa shule. Kadzo alibaki peke yake katika kile kitanda, na aliniambia baadaye kwamba shangazi alikuwa akiingia kila jioni anakaa juu ya gunia nililokuwa nakalia mimi, kisha anatoka. Siku ya harusi ilipangwa na wazee kwa hesabu zao, na hakuna aliyekuwa na kalenda ya Nairobi mkononi. Nikaolewa wiki ile ile ambayo mtihani ulianza. Karatasi ya kwanza ya historia iliangukia siku ya tatu ya fungate.

Kwa wasiojua, fungate ni zile siku saba ambazo bibi harusi wa kwetu hukaa ndani na mumewe, hatoki, haonekani, analishwa na kupambwa na somo yake, yule mwanamke aliyemfunda. Asubuhi ile niliamka na hina mkononi na asumini kichwani, na nikajua kwamba katika saa moja kalamu zitawekwa juu ya madawati. Nilimwambia mume wangu. Hakuwa mtu mbaya. Ningekuwa na raha zaidi maishani mwangu kama angekuwa mbaya, ningejua pa kuitupa hasira. Nilimwambia, "Shule si mbali. Nitavaa buibui, nitafunika uso, saa sita nimerudi." Alikaa ukingoni mwa kitanda, kijana wa miaka thelathini na kitu, na naapa alilifikiria jambo lile. Kisha akasema, "Bibi harusi akionekana njiani siku ya tatu, watu watasema nini? Watasema umerudishwa. Watasema sikukukuta sawa. Utalibeba neno hilo maisha yako yote, na baba yako atalibeba." Nikajilaza tena, kwa sababu ilikuwa kweli. Hata Kadzo, ningemuuliza, angesema ni kweli. Somo yangu aliingia na uji wa wimbi akanikuta nimegeukia ukutani, akadhani ni haya za bibi harusi, akanisifu.

Jioni Kadzo akaja. Walimruhusu kuingia kwa kuwa ni mwanamke na ni rafiki. Alikuwa na karatasi ya maswali amekunja ndani ya sidiria, akanipa. Niliisoma kwa mwanga wa dirishani. Swali la kwanza nililijua. La pili nililijua. La nne lilikuwa lile ambalo tulibishana juu ya magunia mwezi wa sita, mimi nikashinda. Nikamuuliza, "La nne ulijibu vipi?" Akasema, "Nilijibu kama ulivyosema wewe." Kisha akaanza kulia, nami nikamfuta kwa ncha ya kanga yangu ya harusi, na harufu ya udi imejaa kile chumba mpaka tukakohoa. Alikuja hivyo kila baada ya karatasi. Sijui kama alifanya wema au ukatili, na nimepata kumuuliza tukiwa wazee, naye akasema hata yeye hajui, aliona tu kwamba hawezi kwenda zake.

Machi matokeo yakatoka. Redio ilikuwa dukani kwa mume wangu, na watu waliingia na kutoka wakisema nani kapata nini. Kadzo alipata B mbili na C, akaitwa Nairobi. Wanjala na C zake akaitwa pia. Wengi katika lile darasa lililoanguka lote waliitwa au walipata vyuo vya ualimu. Mji mzima ulistaajabu, na Mzee Bakari alikuwa akisema barazani kwamba watoto wa siku hizi wana bahati, wameanguka Agosti wakasimama Novemba. Mimi nilikuwa jikoni nakuna nazi. Nilikuwa na mimba changa na kila kitu kilininukia vibaya. Nilikuna nazi ile mpaka nikafikia kifuu, nikaendelea kukikuna kifuu.

Baada ya siku chache baba akaja. Hakuwa na kawaida ya kuja nyumbani kwa mkwewe bila ya kuarifu. Nilimbusu mkono, "Shikamoo, baba," akaitikia marahaba kwa sauti ambayo ilikuwa imechoka. Nikamkaribisha ukumbini, nikamletea kahawa na vipande vya halua, akakishika kikombe hakunywa. Alikaa akitazama mikono yake, zile ncha za vidole zilizotobolewa na sindano. Kisha akasema, "Yule Mgiriama, rafiki yako. Nimesikia anakwenda Nairobi."

"Anakwenda, baba."

"Wewe ulikuwa juu yake."

"Nilikuwa juu yake."

"Katika kila somo?"

"Katika kila somo."

Akaniambia nimweleze tena habari ya alama. Nikamweleza. Nilikuwa nimeingoja siku hiyo kwa miezi mizima. Usiku na mchana nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia, maneno ambayo mtoto hamwambii baba yake, na yote yalikuwa tayari mdomoni. Lakini alikuwa akisikiliza kwa namna ambayo sijamwona mtu akisikiliza, ameinamisha kichwa, midomo inafuatisha hesabu, arubaini na nane na ishirini ni sitini na nane, kama vile anatajiwa vipimo vya mtu asiyemwona. Hesabu za shule hakuzijua, lakini kujumlisha alijua. Nilimtajia za historia, akajumlisha. Nilimtajia za Kiswahili, akajumlisha. Nilipomaliza za jiografia akakiweka kikombe mezani.

"Nilidhani ndio huo," akasema. "Waliposema umetoka, nilidhani ndio huo."

Kahawa ilikuwa imepoa, nikanyosha mkono nikibadilishe kikombe, akanishika kiganja akakizuia pale pale juu ya meza.

"Zingetosha?" akaniuliza. "Zile zako. Zingetosha kwenda huko?"

Ningeweza kumwambia sijui. Mwalimu Kioko alisema huenda, na mtihani kweli hauna mwenyewe. Lakini baba alikuwa amekuja kutoka Mambrui kuuliza swali moja, na alikuwa mtu ambaye maisha yake yote hakumficha mwenzake hata kipande cha kitambaa.

"Zingetosha, baba," nikasema.